Baba, Mama Ameachia Kiti

Mwaka umetimia leo, Baba, tangu ulipotuaga, na tulipanga kukuandikia kwa utulivu kama familia nyingine zinavyowaandikia marehemu wao gazetini. Tumeshindwa. Tuna habari, na habari yenyewe imetukaa kooni tangu wiki iliyopita. Kila tukianza na maneno ya heshima, Mjomba anagonga meza: "Mwambieni shemeji kwanza, mengine yatafuata." Basi tunakuambia. Mama ameachia kiti. Cherehani inanguruma. Nyuzi zimetapakaa sebule nzima, jana Mjomba alitoa kipande cha kitambaa kwenye sahani yake, na hakuna aliyelalamika.

Ngoja tuanze vizuri, maana watakaosoma hawajui ni kiti gani. Kalamu ameishika Kitindamimba wako, kwa sababu mwandiko wa Mjomba husomwa na Mjomba peke yake. Dada, binti yako mkubwa, amesimama mlangoni na sare yake ya uuguzi akituonya tusipige chuku. Tutajaribu.

Ulikuwa mwokaji mikate. Uliondoka nyumbani kabla hatujaamka, ukarudi na unga kwenye nyusi, na mluzi wako ulitufikia ukiwa bado kwenye kona ya duka la vipuri. Mkate ulioungua upande mmoja ulikuwa wetu. Ulituambia huo ndio mtamu, tukakuamini mpaka ukubwani. Hata leo Dada akinunua mkate mzuri hulalamika kwamba hauna ladha.

Kisha tanuri la pale kazini likapasuka, mwenye jengo akaamua kuuza, na ukarudi mchana na aproni yako mkononi. Ulikuwa mwaka mbaya kwa kila mtu. Mama alikuwa na cherehani yake, lakini wateja waliamua kuvaa nguo za zamani mpaka ziwaishie mwilini. Mjomba, mdogo wake Mama, fundi rangi, alikuja kwetu kukaa wiki moja tu wakati anatafuta kazi, na wiki hiyo bado haijaisha. Dada alikuwa amerudi kutoka chuoni na begi lake lote, hana uhakika kama atarudi.

Ikaja siku ambayo nyumba nzima ilinuna kwa pamoja. Mama aliinamisha kichwa juu ya cherehani. Mjomba alilala kifudifudi sakafuni. Dada alijifungia chumbani. Kitindamimba, ambaye kwa umri ule hakuwa na shida yoyote duniani, alinuna ili asiachwe nyuma. Hakuna aliyechota maji, hakuna aliyewasha jiko, na ilipofika saa ya kula kila mtu alimtazama mwenzake kwa lawama.

Wewe ulisimama katikati ya sebule ukapiga makofi.

"Haiwezekani," ulisema. "Nyumba nzima haiwezi kununa siku moja. Atapika nani? Kuanzia leo tunanuna kwa zamu."

Mama aliinua kichwa. "Baba watoto, una homa?"

"Sina homa, nina njaa. Mwenye zamu akae pale." Ukaonyesha kile kiti cha dirishani, kile kilichozama upande wa kushoto. "Anune kutwa nzima. Aletewe chai. Asiulizwe kitu, wala mtu asimwambie ajikaze. Kesho yake anampisha mwingine. Wengine wote hawana ruksa ya kununa. Wapike, wafagie, watoke wakatafute riziki, wakipenda waimbe."

"Na mwenye matatizo makubwa kuliko wenzake?" Mjomba aliuliza kutoka sakafuni.

"Asubiri, kama kwa kinyozi."

Tulidhani utani. Kesho yake Dada alikaa kwenye kiti na ukampelekea chai kwenye kikombe cha wageni, ukarudi nyuma kwa kunyata, na hapo tukajua umeamua. Tukaishi hivyo. Mjomba alinuna kwa ratiba: asubuhi kwa ajili ya kazi, mchana kwa ajili ya mchumba aliyemkataa, na jioni kwa sababu chai haikuwa na sukari ya kutosha. Kitindamimba alimaliza kununa kabla chai haijapoa, akaomba akacheze, ukamkatalia. "Kaa hapo mwanangu, hiyo ni haki yako." Wewe mwenyewe ulikuwa hovyo kabisa. Ulikaa, ukakunja uso, na baada ya muda mluzi ukakuponyoka. Tulikuzomea na kukunyang'anya kiti.

Habari zilienea mtaani. Fundi baiskeli wa nyumba ya pili alikuja siku moja, kofia mkononi, akauliza kama zamu huazimishwa, maana kwake wote wamenuna na yeye amekosa pa kwenda. Ilikuwa zamu ya Dada. Dada akampisha. Yule bwana akanywa chai yake kimya, akatazama dirishani mpaka alasiri, akashukuru, akaenda zake akiwa mwepesi.

Halafu kuna ile siku, Baba, ambayo hatujawahi kuizungumzia. Siku walipolibomoa tanuri lako kule kazini, ulikaa kwenye kiti kutwa nzima na mluzi haukutoka. Mama alileta chai akaiweka. Kisha akakaa sakafuni, mgongo wake umeegemea miguu yako, akaendelea kupinda pindo la pazia. Hakukuuliza kitu. Jua lilipoanza kuteremka uliweka mkono kichwani kwake, na mkafanana na watu wanaosubiri kitu kimoja. Tulikupenda sana siku ile. Tulikuwa jikoni tukijifanya tunapanga vyombo.

Kesho yake ulitoka kwenda kutafuta pipa la bati. Fundi baiskeli alilikata mlango, Mama akashona mifuko ya unga ikawa aproni, na Mjomba, ambaye hakuombwa, akalipaka pipa rangi ya bluu. Moto wa kwanza ulipowaka rangi ikababuka yote, na mikate ya siku ile ilinuka rangi kama ukuta mpya. Watu walinunua hivyo hivyo dirishani kwetu. Wengine walinunua kwa huruma, tunajua, lakini mikate ya kesho yake walinunua kwa hamu, na Dada akarudi chuoni akiwa na mkate ulioungua upande mmoja ndani ya begi.

Mwaka jana kifua kilikuanza kama mzaha, na hakikuwa mzaha. Tuliporudi kutoka kukuzika, Mama alipita katikati ya watu, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye kiti. Kesho yake akakaa tena. Kesho kutwa tena. Sheria yako, Baba, haikusema lolote kuhusu mtu asiyeinuka. Na nani kati yetu angemwambia Mama kwamba zamu yake imekwisha?

Basi tukafanya ulivyotufundisha. Tulipika. Mjomba alipika wali, leo ukawa uji, kesho ukawa kokoto, naye akautetea wote. Dada alisimulia vituko vya wodini. Majonzi yetu tulikuwa nayo, lakini kiti kilikuwa na mtu, kwa hiyo tuliyapeleka nje. Mjomba alikulilia akiwa juu ya ngazi, akipaka dari za watu. Kitindamimba alikulilia kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, na wateja wakadhani ni moshi wa kuunganishia waya. Dada hatukujua anakulilia wapi.

Cherehani ilifunikwa shuka. Wateja walikuja, wakaambiwa bado, mwishowe wakaacha kuja. Kisha, mwezi uliopita, Mama alisema bila kugeuka kutoka dirishani, "Tafuteni mtu aichukue hiyo cherehani. Inajaza nafasi bure."

Tulitafuta polepole tukiomba tusipate, tukapata upesi. Alikuja bwana mmoja mpole, mwenye suruali fupi, akazungusha gurudumu la cherehani kwa kidole, akaridhika, akasema atarudi Jumamosi na mkokoteni. Hatukulala vizuri wiki ile. Mama alikuwa ameanza kushona kabla hajakutana na wewe. Tulijua wazi kwamba ile mashine ikivuka mlango, Mama hatainuka tena kwenye kile kiti.

Sasa sikiliza.

Alhamisi mchana Dada alirudi kutoka kazini akitabasamu. Asubuhi ile alikuwa amempoteza mtoto wa wodini, mtoto aliyemuuguza kwa wiki nyingi, mchekeshaji, ambaye alikuwa akimwita Dada "mwalimu" kwa sababu Dada alimfundisha kufunga kamba za viatu. Dada hakumwambia mtu. Alivua koti la sare, akalitupia kwenye meza ya cherehani, akaingia jikoni, akachukua kisu na viazi.

Mama ametusimulia mwenyewe kilichofuata. Anasema alisikia kisu. Kilikuwa kinakwenda taratibu mno. Akageuza shingo, akaona maganda manene kuliko viazi vyenyewe, na binti yake bado anatabasamu, anautabasamia ukuta.

"Una nini?" Mama aliuliza.

"Sina kitu, Mama."

"Hivyo viazi vimekukosea nini?"

Dada alikitazama kisu. "Nitakuwa sawa tu. Kiti kina mtu."

Alisema bila lawama, kama mtu anavyosema mvua inanyesha. Lakini Mama anasema maneno hayo yalimwingia mpaka kwenye mifupa. Mwaka mzima alijiona yuko peke yake kwenye huu msiba, kumbe nyuma yake kulikuwa na foleni, na foleni yenyewe ilikuwa inampikia. Akashika mikono ya kiti. Akainuka. Alikwenda jikoni akampokonya Dada kisu, akamshika bega, akamleta mpaka dirishani na kumkalisha.

"Kaa," alisema. "Nuna, mwanangu. Ukitaka kulia, lia. Chai inakuja."

Dada akamlilia yule mtoto. Halafu akakulilia wewe, Baba, kwa mara ya kwanza mbele ya mtu, na alikulilia kwa sauti mpaka shingo ikamuuma. Mama hakumwambia ajikaze.

Alichemsha chai akaleta. Akamaliza viazi, hivyo vilivyosalia. Akafagia. Kisha akataka kupumzika, akagundua kwamba nyumba yako haina pa kukaa. Benchi Mjomba ameligeuza ghala la makopo ya rangi, kiti kimepata mwenyewe, na kilichobaki ni kile kigoda mbele ya cherehani. Akakaa hapo kwa sababu ya miguu tu. Mbele yake kulikuwa na koti la Dada, mfuko umechanika. Akalitazama. Akamtazama Dada, ambaye sasa alikuwa akinywa chai kwa kwikwi. Akavuta shuka.

Baba, ile sauti. Mjomba alikuwa anapaka geti la fundi baiskeli. Alikuja mbio na brashi mkononi, na matone ya kijani yamekauka njia nzima kutoka getini hadi mlangoni kwetu, na tumekatazana kuyafuta. Kitindamimba aliiacha simu ya mteja mezani, vyuma vyote nje, mwenye simu akimwita. Wakasimama kizingitini, wakashikana mikono kama watoto, wakaogopa hata kukohoa.

Mama hakuinua kichwa. "Mnashangaa nini? Nani ana nguo ya kushonwa?"

Mjomba alivua shati alilovaa.

Jumamosi yule bwana alikuja na mkokoteni wake kama alivyoahidi. Sisi tulijipanga mbele ya cherehani kama askari. Haikuwa lazima. Mama alimkaribisha vizuri, akamtazama kuanzia juu, akashuka, macho yake yakatulia kwenye ile suruali.

"Cherehani haiuzwi, baba, samahani kwa usumbufu," alimwambia. "Ila simama wima nikupime. Mtu mzima na heshima zako huwezi kutembea na vifundo vya miguu nje."

Akapimwa. Aliondoka na mkokoteni mtupu, anacheka, na akatuletea wateja wawili kabla ya Jumatatu. Sasa Dada anadai sebule imekuwa karakana, Mjomba anadai kelele zinamkosesha usingizi wa mchana, na sisi tunawasikiliza wakilalamika na mioyo inaruka. Tungekuwa na mbawa tungekuja kukuambia wenyewe.

Leo zamu ni ya Mama. Aliiomba jana mbele yetu sote, akasema ni kwa ajili yako, na ni ya leo tu. Amekaa dirishani tangu asubuhi. Tumempelekea chai kwenye kikombe cha wageni na hatumuulizi kitu. Kesho asubuhi anampisha Mjomba, kwa sababu yule bwana anakuja kuchukua suruali yake na pindo halijamalizwa.

Unakumbukwa na mke wako, fundi cherehani. Na binti yako muuguzi. Na Kitindamimba wako, ambaye ana ndevu sasa na bado anaitwa hivyo. Na shemeji yako fundi rangi. Na fundi baiskeli wa nyumba ya pili, aliyeomba ahesabiwe kama ndugu, nasi tukamhesabu.

Siku zote tutakukumbuka, Baba, kila mmoja kwa zamu yake, na leo wote kwa pamoja.