Medali ya Gi-tae na Anguko Langu

Nyuma ya soko la samaki,
Gangneung.
3 Machi

Mpendwa Dada Mi-ryeong,

Habari za Osaka? Shemeji Okamoto mgongo umepoa? Na mpwa wangu Nozomi, bado anang'ata wenzake chekechea? Sisi wazima. Mama anakohoa kidogo, ila akianza habari za medali kikohozi chenyewe kinakimbia. Mimi nadunda. Viatu vya barafuni vya mji huu vyote vinanolewa na mkono wangu, na anayebisha aje na vyake nimwonyeshe.

Hiyo medali umeiona kwenye televisheni, usinidanganye. Tangu mdogo wetu Gi-tae aje nayo, mimi hapa nyumbani ni kama kiatu cha mguu mmoja. Mtaa umetundika kitambaa chenye jina lake, kirefu kuliko basi. Jirani wakinikuta chini yake wananiuliza, "Wewe ndiye kaka yake? Mbona hamfanani?" Kinachoniuma zaidi, medali imemfutia jeshi la lazima. Mimi tarehe kumi na tisa nanyolewa kipara, miezi kumi na minane ya kunusa soksi za wanaume. Yeye, aliyekuwa akilia akikatwa kucha, atalala kitandani kwake.

Basi watu walipoanza kumtukana mtandaoni, Dada, sikuhuzunika. Wanasema kwenye kona ya mwisho ya mbio za barafuni alimsukuma mwenzake wa timu moja, ndipo akashika ya pili. Kamati ya nidhamu inakaa Alhamisi. Ikiona kusukuma ni tabia yake, anafungiwa, na kuteleza ndiyo kwaheri. Nilisoma matusi yale huku nakula tambi, nikaongeza bakuli.

Juzi mwandishi wa habari, mama mmoja wa koti jekundu, akanifuata hapa ninaponolea.

"Kijana, nasikia Gi-tae alikuangusha na wewe, mkiwa wadogo."

"Nani kakwambia?"

"Mji mzima. Eti ndiyo maana yeye anashinda na wewe unanoa."

"Mimi nanoa kwa sababu wengine hawawezi."

"Haya, fundi. Alikusukuma au hakukusukuma?"

Mama yetu alikuwa nyuma yangu, ameniletea chakula. Akaacha kufungua kopo la chakula.

Jibu nimekaa nalo mdomoni miaka saba, na wewe unalijua. Ndilo lililokufanya umkalishe Gi-tae meza ya mwisho kwenye harusi yako, na mpaka leo humpigii simu. Neno moja tu, Alhamisi angekwisha.

Sasa sikia. Siku ile ya fainali ya watoto niliamka kabla ya kocha, nikanoa nyembe za viatu vyangu mwenyewe, nionekane najua. Nikasaga upande mmoja kupita kiasi. Kona ya kwanza tu wembe ukauma barafu, nikarushwa ukutani. Gi-tae alikuwa nyuma yangu hatua nne nzima. Nilipoona goti langu limekwisha na yeye anavishwa medali, nikasema kanisukuma. Hakubisha. Alikuwa na miaka kumi na mmoja. Nadhani naye aliamini.

"Hakunigusa," nikamwambia yule mwandishi. "Nilinoa vibaya."

"Wewe, fundi?"

"Mara moja. Na uandike hivyohivyo, mara moja."

Usidhani nimekuwa mwema. Nyembe alizoteleza nazo Olimpiki nilizinoa mimi, na sitaki kazi yangu ifungiwe kabatini. Kuhusu yule mwenzake sijui, sikuwapo. Langu ndilo ninalolijua.

Mama hakunigombeza. Alifunika kopo akarudi nalo nyumbani, nikashinda na njaa. Jioni tulikula mbavu za ng'ombe. Unakumbuka ubavu wa kwanza huwa wangu, pole ya goti. Safari hii ulikwenda bakulini kwa Gi-tae. "Kula, mwanangu," Mama akamwambia, mimi hata hakunitazama. Yule mjinga akachukua mkasi wa kukatia nyama, akaukata katikati, akanipa nusu iliyonona. Nikaula, Dada, kwa hasira.

Mpigie Gi-tae kabla ya Alhamisi. Halali vizuri, namsikia kupitia ukuta. Usimwambie nimekutuma, atavimba kichwa zaidi.

Nisalimie Shemeji, na Shangazi Bun-hui ukimwona. Nozomi umfinye shavu kwa niaba yangu, ila chunga meno. Mababu wawakinge na baridi ya huko.

Ni mimi mdogo wako, anayekupenda kuliko yule mwenye medali,

Seok-ju