Kwa Hermínio, Uliyetuaga Kabla ya Kuruhusiwa

Mwaka umetimia, Hermínio, tangu utuache wiki ile ya sikukuu ya Mtakatifu Martinho, watu wakifungua mvinyo mpya. Mwaka mzima, na zile kanuni za sheria bado hazijaandikwa. Tunaanza na hilo kwa sababu wewe mwenyewe ungeanza nalo.

Kijiji chetu cha Vale da Murta kinakukumbuka kwa mkate. Tangu ujana wako hadi mikono ilipokataa, kila alfajiri ulipita na kigari chako ukijaza mifuko ya kitambaa iliyotundikwa milangoni. Mgonjwa ulimwachia mkate laini bila kuombwa. Aliyegombana na mkewe ulimwachia mikate miwili midogo, kila mtu na wake, na asubuhi kijiji kizima kilijua nani kalala wapi. Mdomo wako ulifika kabla ya kigari.

Kisha ukaja ugonjwa huu usio na tiba, unaokula misuli na kuiacha akili ikitazama. Ulianza na mkono, ukahamia mguuni. Ulipoambiwa kwamba sauti itafuata, na baada ya sauti pumzi, uliniambia mimi mkeo jambo moja na hukulibadilisha hata siku moja: "Lucinda, nataka niondoke ningali naweza kusema kwaheri kwa mdomo wangu."

Sheria ya kumruhusu daktari akusaidie kufa tuliisubiri kama basi la Jumapili. Ilipita bungeni, ikarudishwa. Ikapita tena, ikarudishwa tena. Jioni televisheni iliposema sasa imepita kweli na itatiwa saini, uligonga meza kwa mkono uliobaki na nguvu. Hapo tukafanya kosa ambalo labda ni sisi watu wa milimani tu tungelifanya: tulidhani kinachosomwa kwenye taarifa ya habari jioni kinaanza kazi asubuhi.

Ukataka kuagwa kama tunavyowaaga wetu wanaokwenda Ufaransa: chakula cha mchana, kijiji kizima mezani, na msafiri agawe asivyoweza kubeba. Tukapika mbuzi kwa mvinyo mwekundu katika vyungu vyeusi. Binti yetu Rosália akaja kutoka Lyon. Mbwa wako wa kuwinda ukampa shemeji Gaudêncio, jogoo ukampa Custódia mwenye mkahawa, na koti zuri la sufu ukampa Amadeu mpiga kengele. Watu wakala, wakalia, wakakubusu mashavuni. Jumatatu tukaenda kwa Daktari Noémia kuuliza ni siku gani.

"Sheria ipo, Mzee Hermínio," akasema, na uso wake ulionyesha hakupenda kusema. "Kanuni za kuitumia ndizo hazipo. Serikali imepewa miezi mitatu iziandike."

"Na bila kanuni?"

"Bila kanuni, nikikusaidia nafungwa."

"Kwa hiyo wamenijengea mlango wakasahau kitasa."

"Wamesema watakileta."

"Waambie mimi si ukuta, daktari. Sitawasubiri nimesimama."

Tukarudi nyumbani na aibu yetu. Umeshaagwa, umeshaliliwa, na kesho yake unahitaji kahawa kama kawaida. Nilikusukuma kwenye kiti cha magurudumu hadi mkahawani, watu wakatukodolea macho kama wameona mzimu.

"Bado upo?" Custódia akauliza.

"Nipo, jirani. Wakubwa hawajanipa ruhusa ya kuondoka. Jogoo wangu yuko wapi?"

"Nilimpika Jumapili."

"Basi niletee mchuzi wake. Niliagwa, lakini nina njaa."

Mkahawa mzima ulicheka, na wewe ukacheka kuliko wote. Sisi tuliokuvua viatu usiku ule tunajua ulichokiweka chini ya kicheko.

Gaudêncio alimrudisha mbwa, akamfunga getini kwetu na kuondoka mbio. Baridi ilipoanza nikamfuata Amadeu nje ya kanisa kumwomba lile koti, naye alikuwa amelivaa. Alilivua palepale, akaenda kwake na shati, akinilaumu mimi kwa kutoomba mapema. Huyo ndiye rafiki uliyemchagua.

Padri Abílio naye alikuja. "Uhai ni wa Mungu, Hermínio," akakwambia. Ukamjibu, "Najua, Padri. Namwendea yeye, simkimbii. Na wewe sikulazimishi unifuate." Akakubariki, akaketi nawe hadi jua likazama. Hakubadili mawazo, wala wewe hukubadili. Tunamshukuru.

Miezi mitatu ikaisha. Kanuni hazikuja. Wanasiasa wakatupiana lawama: wale wakasema hawa wanachelewesha, hawa wakasema wale waliandika vibaya, na mwisho wakaanza kuzungumzia uchaguzi. Wewe uliyeshinda wote kwa maneno ukawa unaninong'oneza, kisha unaguna, kisha unafumba na kufumbua macho nikikutajia herufi. Mara nyingi nilikisia vibaya kwa makusudi ili ukasirike. Ukikasirika nilikuona.

Mate yakaanza kukupalia. Siku moja gari la wagonjwa likakuchukua hadi hospitali ya mjini, mbali na kitanda chako. Wauguzi walikutunza kwa upole na tunawapa asante ya dhati. Walikupa dawa ukatulia. Kabla hujalala ulinitazama, mdomo ukatetemeka, neno halikutoka. Basi nikasema "Kwaheri, Lucinda" kwa niaba yako, kisha nikaitikia mwenyewe. Rosália alikuwa bado njiani ulipoondoka.

Bibi anayepokea matangazo gazetini amenishauri. "Dada Lucinda, andika alivyokuwa mwema. Ya sheria yaache. Hii ni kumbukumbu, si siasa."

"Dada yangu," nikamwambia, "siasa iliingia chumbani kwetu bila kubisha hodi. Acha nami niingie gazetini."

Wanaokukumbuka ni mkeo Lucinda. Binti yako Rosália, mumewe na wajukuu wako wawili wanaokosea kutamka jina lako kwa lafudhi ya Kifaransa. Shemeji yako Gaudêncio. Na Vale da Murta yote, ambayo sasa inanunua mkate wa mifuko ya nailoni dukani na kulalamika. Misa itasomwa Jumapili saa tano, kwenye kanisa la kijiji.

Maua hatuombi. Kama yupo msomaji anayekaa karibu na wenye kalamu ya kuandika kanuni, awaambie ulikuwa mtu mmoja, uliomba kitu kimoja, na sheria yao wenyewe ilikuwa imeshasema ndiyo.

Hatutakusahau, Hermínio, maisha yetu yote. Na wao hatutawaacha wakusahau.