Sitini vya Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Sitini! Vipande sitini vya mbele vya mashati ya shule, vyote vya kushoto. Cha kulia hata kimoja.

Miaka ishirini na sita nakata vitambaa. Anayeanza kazi leo hufundishwa hili kabla hajaonyeshwa choo kiko wapi: tandaza tabaka la kwanza uso juu, la pili uso chini, hivyo hivyo mpaka mwisho, ili mkato mmoja ukupe kulia na kushoto. Mimi nimetandaza yote uso juu. Nikachora chaki, nikawasha mashine, nikapitisha. Mkato safi kabisa, sina la kujitetea. Aliyegundua ni Kifungo — mwenzangu wa kushona vifungo, jina lake halisi tumeshalisahau. Aliokota vipande viwili, akavipima kifuani, akavigeuza, akavigeuza tena. Akaniangalia. Hakucheka. Angecheka ningepata nafuu.

Msimamizi hakupaza sauti. Aliniuliza jana nililala saa ngapi. Nikasema vizuri tu, mapema. Uongo mtupu, tangu Ijumaa sijapata hata lepe la usingizi. Akasema hili ni kosa la pili tangu mwaka uanze. La tatu, naacha meza ya kukatia, nahamia kwenye pasi.

Pasi! Mimi!

Miaka ishirini na minane nilimlalamikia marehemu mume wangu kwa kukoroma. Nilimpiga viwiko, nikamgeuza ubavu, nikahamia sebuleni. Sasa mwaka wa pili hayupo, na kinachoniamsha ni kimya. Ungekuwapo ungecheka, mzee.

Jumanne, 4 Machi

Nimekwenda kwa daktari. Kijana, rika la binti yangu. Ananiita mama, lakini anasikiliza. Hakukimbilia kuandika dawa. Kwanza alitaka kujua chai nakunywa saa ngapi, kitandani nafanya nini nikikosa usingizi. Nikamwambia nahesabu mbao za dari, ziko thelathini na nne. Akasema niamke, nikae pengine, nirudi usingizi ukija. Akataka nirudi kila wiki tufundishane kulala upya. Kama mtoto mchanga.

Nikamwambia ukweli: mwanangu, mimi wiki sina. Nina kosa moja tu limebaki.

Basi akaandika vidonge kumi na vinne. Wiki mbili, asiongeze hata kimoja. Masharti: nimeze nikiwa tayari kitandani, si nikiosha vyombo. Niwe na saa saba au nane mbele yangu. Pombe nisiguse (sijawahi). Nisichanganye na dawa nyingine ya kuleta usingizi, hata ya mafua. Mdomoni huenda nikasikia ladha ya chuma. Asubuhi huenda kichwa kikawa kizito, na kikiwa kizito nisiguse mashine. Nikiacha, usingizi unaweza kusumbua siku chache kuliko mwanzo.

Halafu akaweka kalamu chini. Wapo wachache, akasema, huamka na kufanya mambo bila kujua: hupika, hutoka nje, hupiga simu. Asubuhi hawakumbuki. Ikitokea hata mara moja, acha dawa siku hiyo hiyo, uje.

Kanipa na fomu ya kujaza kila siku. Saa za kulala, saa za kuamka, na mwisho kisanduku kidogo: Jambo lolote lisilo la kawaida. Fomu ni yake. Daftari hili ni langu.

Jumatano, 5 Machi

Nimelala!!! Saa saba na nusu. Fofofo. Hata shuka halikukunjamana.

Mdomo una ladha ya chuma, kama nimelamba kufuli. Chai imekuwa chungu. Na iwe.

Ijumaa, 7 Machi

Siku tatu za raha. Mkono umetulia. Leo nimekata tabaka themanini, kola na mikono, hakuna uzi uliopotea. Msimamizi alipita, akasimama nyuma yangu, akaondoka kimya. Kwake huko ni kusifu. Kifungo anasema nimerudi ujana, labda nimepata mchumba. Nikamwambia ndiyo, ni mdogo, mweupe, namlaza mdomoni kabla ya kulala. Alicheka mpaka akamwaga vifungo.

Lakini kuna kitu. Asubuhi nimekuta gazeti la jana juu ya meza ya chakula. Limekatwa kola. Kola ya shati la mtoto, saizi ya sita. Mkasi wangu mkubwa pembeni, umefungwa vizuri kama ninavyoufunga siku zote.

Nitakuwa nilikata jana nikisubiri maji ya kuoga. Ndiyo. Mtu wa kazi hii mikono haikai bure.

Fomu: saa saba. Lisilo la kawaida: Hakuna.

Jumamosi, 8 Machi

Binti yangu kapiga simu. Kazini kwao wanampeleka mafunzo, siku kumi. Ananiomba nikae na Chiriku. Chiriku ni mjukuu wangu, miaka sita, mdomo haupumziki, ndiyo maana ya jina. Akaniuliza ninalala siku hizi? Nikamwambia kama gogo.

Nimekubali kabla hajamaliza kuomba. Tangu mazishi hajawahi kuniachia mtoto. Alisema, kwa upole wake ule, kwamba nilikuwa nimechoka sana. Maana yake naijua: niliacha sufuria motoni, na Chiriku yumo jikoni.

Jumapili, 9 Machi

Amefika! Begi la shule, viatu jozi tatu, na misuko miwili, mmoja kila upande, mirefu mpaka mabegani, imefungwa utepe wa buluu. Binti yangu kamsuka mwenyewe jana kutwa. Kaniomba nisiifumue, itadumu mpaka arudi. Ameahidi kupiga simu ya video Jumapili ijayo saa nne, amwone.

Aliona kopo la dawa kabatini? Sidhani. Nililisukuma nyuma ya unga.

Chiriku kalala chumba kidogo. Kabla hajasinzia ameniuliza maswali kumi na moja, likiwemo kwa nini Babu hakuchukua miwani yake. Nikamfunika shuka.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeogopa leo. Niandike tu, hakuna anayesoma.

Foronya yangu. Niliilalia jana. Asubuhi kichwa kilikuwa juu ya mto mtupu, na foronya ilikuwa mezani, imekatwa vipande viwili vya mbele vya shati. Kimoja cha kushoto. Kimoja cha kulia. Nimevilinganisha: hakuna tofauti hata ya uzi.

Sikumbuki chochote. Kuwasha taa, kuchukua mkasi, kitu chochote. Nyayo zangu niliziosha kabla ya kulala, asubuhi zilikuwa na vumbi la jikoni.

Baada ya kazi nimepita duka la dawa. Dada muuzaji ananifahamu kwa sura. Nikamwambia jirani yangu anatumia dawa fulani, ameanza kufanya kazi za nyumbani usingizini, eti ni kawaida? Akaacha alichokuwa akipanga. "Jirani yako asimeze tena hata kimoja. Aende kwa daktari leo." Nikasema lakini amelala vizuri, kazi yake inaenda vizuri. "Mama, ndivyo wanavyosema wote." Kisha akaniangalia usoni. "Huyo jirani ana mtoto nyumbani?"

Nikasema hapana.

Nimetembea mpaka nyumbani na lile neno moja. 

Jumatano, 12 Machi

Nimepata njia. Mkasi nimeupeleka kazini, umo kabatini mwangu, kufuli, na ufunguo kaushika Kifungo. Hakuuliza sababu. Visu vya jikoni nimevifunga kwa kitambaa, mafundo matatu, vipo juu ya kabati la nguo. Kiti nimekiegemeza kwenye mlango wangu kwa ndani, kikianguka nitaamka.

Jana usiku nilimeza. Hakuna kilichotokea! Kiti kiko palepale. Kwa hiyo ni mkasi tu ulikuwa tatizo.

Fomu: Hakuna.

Alhamisi, 13 Machi

Jana nilijaribu kuacha. Kwa ajili ya Chiriku, nilijiambia. Daktari alinionya, lakini kuonywa na kuonja si kitu kimoja. Mbao thelathini na nne, mara mia. Moyo unakimbia, miguu inawasha, jasho. Nilimsikia Chiriku akigeuka, nikasikia jokofu la jirani, nikasikia mpaka kope zangu zikifungwa na kufunguka.

Kazini nimetandaza sketi. Tabaka arobaini. Nimeshika mashine, imeshawaka, Kifungo akapita na kusimama. Akagusa pembe ya kitambaa kwa kidole. Uso juu. Linalofuata uso juu. Lile jingine uso juu.

Akazima mashine yeye. Tukageuza tabaka moja moja, wawili, wakati wa chakula, msimamizi akiwa nje. Aliniambia taratibu, bibi we, mimi siwezi kusimama hapa kila siku. Akaniomba nirudi kwa daktari nimwambie kila kitu. Nikasema nitakwenda Jumatatu.

Najua daktari atafanya nini. Atachukua vidonge. Na mimi bila vidonge ni kosa la tatu, ni pasi, ni kusimama kwenye mvuke na wasichana wa mwaka jana mpaka wanistaafishe. Nilichobaki nacho ni mkono huu. Mume hayupo, macho yamepungua, magoti yanalia. Mkono ndio mimi.

Leo nameza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimelala. Kiti kiko mahali pake. Asante.

Nimempakia Chiriku begi: daftari, kalamu za rangi, gundi. Mwalimu wao anawafundisha kukata maumbo ya karatasi. Kanionyesha pembetatu yake. Imepinda. Nimemfundisha: karatasi ndiyo inayogeuka, mkono unatulia. Kashika upesi kuliko nilivyotegemea. Ana damu yangu huyu.

Jumapili, 16 Machi

Nimeamka, kiti kimesogezwa kando. Hakikuanguka. Kimesogezwa, kikapangwa vizuri ukutani.

Nikamwita Chiriku. Alikuwa ameshaamka, anaimba chumbani. Akaja. Mlangoni nikaona kwanza upande wa kulia: msuko, utepe wa buluu, salama. Nikashusha pumzi. Akageuka.

Upande wa kushoto hakuna kitu. Umekatwa karibu na sikio, mstari mnyoofu. Mstari wangu. Ningeutambua popote.

Nikamwuliza nani kakukata? Akacheka, akadhani namtania. "Si wewe, Bibi! Ulinikalisha kwenye kiti. Ukaniambia nisitikisike, kitambaa kikisogea mkato unapinda." Kwa mkasi gani? Akakimbia, akaniletea. Mkasi wake wa shule, wa plastiki ya njano, ncha butu. Ulikuwa begini. Begi nilipakia mimi. Nilifunga visu mafundo matatu, kisha nikamfundisha mtoto kukata na mkasi wake!

Nimemshika kichwa kwa mikono miwili. Nimekagua sikio, nyuma ya sikio, shingo. Hakuna mkwaruzo. Nimekagua tena. Mara ya tatu akalalamika namuumiza. Nikamwuliza kama aliogopa. Akafikiri. Hakuogopa, macho yangu yalikuwa wazi. Ila aliniita mara nyingi, na mimi sikuitika.

Msuko nimeukuta mezani. Umenyooshwa, utepe bado umefungwa.

"Na huu mwingine?" nikamwuliza. Sijui kwa nini niliuliza.

"Ulisema wa kulia utakata kesho."

Nimekaa sakafuni. Nimelia, naye akanipapasa mgongo, akaniambia nywele zinaota tena, Bibi, hata mwalimu kasema.

Vidonge vitatu vimebaki. Nimevimwaga chooni, sikungoja ushujaa unitoke. Fomu iko mbele yangu. Siku kumi na moja za Hakuna, kwa mwandiko mzuri. Kile kisanduku cha mwisho hakitoshi, nimeanza kuandika pembeni, nimezunguka mpaka nyuma ya karatasi. Kesho daktari ataipata yote, kazi iwe iwavyo.

Daktari naweza kumwambia. Daktari si mwanangu.

Kuna jambo jingine, na hili ni baya kuliko mkasi. Nilipofuta machozi, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua kabati na kumtolea Chiriku kitambaa cha kichwa, kile cha maua. Nikampa. Nikamwambia tunacheza, Mama asijue. Hapo sikuwa usingizini. Nilikuwa macho kabisa, jua limejaa dirishani.

Nikimwambia binti yangu, sitaachiwa mtoto huyu tena. Sufuria alinisamehe. Hili hatanisamehe, na atakuwa na haki.

Saa nne kasoro dakika moja. Chiriku anajiangalia kwenye kioo, anageuza kichwa, kushoto, kulia, kushoto.

Simu inalia. Ni binti yangu, ya video. Chiriku ameifikia kabla yangu, lakini hajaipokea. Amesimama mbele yangu, mkono mmoja simu, mkono mwingine kitambaa.

"Bibi, nijifunge au nisijifunge?"