Dakika Arobaini za Baiskeli ya Mihogo

Alhamisi, 3 Julai

Gemu ya tatu wiki hii, kwa ajili ya kipindi changu cha redio. Mbili nilizimaliza jana. Moja ya mpira, nzuri. Moja ya mbio za magari, ya kawaida tu. Leo ni Baiskeli ya Mihogo. Ameitengeneza mwalimu wa hisabati wa huko Lobule, kwenye makazi ya wakimbizi, anaitwa Poni, alikuja kutoka Sudani Kusini. Aliituma kwenye simu yangu ya kazini na mstari mmoja: icheze, sema ukweli redioni.

Unapakia mihogo kwenye baiskeli, unaiendesha kutoka Lobule hadi soko la Koboko, unauza, unarudi. Kesho tena. Barabara ileile, vumbi lilelile. Kila baada ya kipande kidogo kuna mtu anakusalimu. Ukisimama kumjibu, jua linasogea na wanunuzi wanapungua. Nikajifunza haraka: usisimame.

Kanuni yangu ni saa nzima kabla ya kuihukumu gemu yoyote. Hii nimeipa dakika arobaini. Nilikuwa kwa fundi wa nguo nikisubiri gauni. Gauni lilipokuwa tayari, nikazima simu. Inachosha.

Jumamosi, 5 Julai

Kipindi kimekwenda vizuri. Nina dakika kumi tu, baada ya habari za asubuhi, lakini leo Arua nzima ilikuwa inasikiliza, au ndivyo nilivyojisikia. Nilisema Baiskeli ya Mihogo inafaa kumpa mtu aliyekosa usingizi. Mwenzangu wa zamu alicheka mpaka akakohoa. Waliopiga simu nao wakacheka. Bosi, Mzee Candia, alichungulia mlangoni akinyanyua kidole gumba.

Nilisema pia kwamba nimeicheza vya kutosha. Hilo nalo nilisema.

Jumatatu, 7 Julai

Ujumbe wa Mwalimu Poni: "Habari ya kazi, dada Furaha. Mimi hapana kasirika. Nauliza tu, ulifika siku ya ngapi?"

Gemu ina siku thelathini. Mimi nilifika katikati ya siku ya pili. Sijamjibu.

Saa kumi jioni akapiga binamu yangu Grace, ambaye anafundisha shule moja na Poni. Mkuu wa shule alikuwa amekubali Poni aanzishe darasa la kompyuta muhula huu, wanafunzi wajifunze kwa kuifungua gemu hiyo na kuona ilivyoundwa. Jumamosi mkuu alisikiliza redio. Sasa anasema darasa lingoje kwanza. Wanafunzi wameanza kumwita Poni "Mwalimu Usingizi".

Grace alinieleza bila kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Jumanne, 8 Julai

Nimemjibu Poni: siku ya pili. Akaandika: "Asante kwa ukweli." Basi.

Asubuhi kabla ya kazi nimeendelea pale nilipoachia. Siku ya tatu, ya nne, ya tano. Bado mbaya. Baiskeli inakata kona kama ng'ombe anayevutwa kamba. Maandishi ni madogo, macho yanauma. Nilifurahi. Naandika kama ilivyo: nilifurahi kuona ni mbaya.

Jumatano, 9 Julai

Mvua tangu alfajiri. Nimecheza kitandani. Nikijumlisha, saa ya tatu sasa. Siku ya kumi na moja.

Kuna mama mmoja anayekaa karibu na kisima, kitambaa cha njano kichwani. Siku zote kumi alinisalimu, siku zote kumi nilimpita. Leo hayupo. Mbele ya nyumba yake pametandikwa turubai, watu wamekaa. Baiskeli ikasimama yenyewe, mara ya kwanza tangu nianze. Mzee mmoja akaniuliza: umekuja kumlilia nani? Chini yake nafasi ya kuandika jina.

Sikuwa nalo. Nikaandika "mama". Jibu likaja: kina mama wako wengi hapa.

Kisha nikaruhusiwa kupita. Njia nzima hakuna aliyenisalimu tena. Nilifika sokoni mapema kuliko siku zote. Nikaweka simu juu ya godoro, nikabaki nikiangalia dirisha. Nimechelewa kazini.

Alhamisi, 10 Julai

Nimemwambia bosi kwamba Jumamosi nataka kuirudia ile gemu. Amekataa. "Ulisema gemu iko mbaya. Kesho utasema iko mzuri? Mutu gani atakuamini tena?"

Ana haki kidogo, na hilo ndilo linaloniudhi. Nimewaza siku nzima. Labda nimeguswa kwa sababu nina hatia, si kwa sababu gemu ni nzuri. Na zile saa mbili za mwanzo zinachosha kweli, sikuzibuni. Nani ana wajibu wa kungoja? Mchezaji avumilie kiasi gani kabla ya kusema imetosha? Nilidhani ninajua. Saa moja, nikadhani. Na hata hiyo sikuitoa.

Nimeomba ruhusa ya kesho. Naenda Koboko.

Ijumaa, 11 Julai

Nilifika Koboko saa nne, nikachukua boda hadi Lobule. Poni ni mfupi kuliko nilivyomfikiria, chaki kwenye mkono wa blauzi. Alinikaribisha nyuma ya darasa, kivulini, akaleta chai na mihogo ya kuchemsha. Nilikula kwa aibu.

Nikamwambia yote. Dakika arobaini, fundi wa nguo, uongo wa "vya kutosha". Nikamwambia sasa nimefikisha saa tano, na bado nina malalamiko. Alifungua daftari akaandika kila nilichosema. Maandishi atayakuza. Kona atazitengeneza. Nikasema, kisha ule msiba uhamishe, uweke siku ya nne, watu wengi hawatafika siku ya kumi na moja.

Akaweka kalamu chini. "Siku nne, mutu hapana jua mutu."

Kisha akaniambia. Kwao alipita mbele ya mama mmoja miaka miwili, kwenda kazini na kurudi, anapunga mkono tu. Walipokimbia vita mama huyo alikuwa katika kundi lao. Alifia njiani. Waliomzika waliuliza jina lake waandike kwenye ubao wa kaburi, na kila mtu akamtazama Poni, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa jirani. "Mimi hapana jua," alisema. "Mpaka leo ubao hauna jina."

Nikamwuliza, na wale watakaoacha mapema je?

"Wataacha. Wewe uliacha."

Hakulisema kwa ubaya. Nikaomba msamaha. Alisema amenisamehe, akanimiminia chai nyingine, kisha akaongeza: "Lakini mkuu wa shule hapana sikiliza mimi. Anasikiliza redio."

Jumamosi, 12 Julai

Nimesema hewani. Sikuomba ruhusa.

Maneno machache. Kwamba wiki iliyopita nilidai nimecheza vya kutosha, kumbe dakika arobaini tu za gemu inayochukua zaidi ya saa kumi. Kwamba saa mbili za kwanza zinachosha na bado nasema hivyo. Kwamba kuna jambo linatokea siku ya kumi na moja, sitalisimulia, na tangu lile jambo sijaweza kuiita gemu mbaya. Na kwamba kuanzia leo, kabla ya kuhukumu gemu yoyote, nitasema kwanza nimeicheza kwa muda gani, ili msikilizaji ajue anipime vipi.

Hakuna aliyecheka. Simu mbili tu. Mmoja aliuliza kuhusu ile ya mpira.

Mzee Candia alinisubiri nje. Hakupaza sauti. Wiki mbili sitatangaza, dakika zangu zitapigwa muziki. Nikasema sawa, bosi. Nilirudi nyumbani kifua kikiwa chepesi.

Mchana Grace kapiga. Mkuu wa shule amesema darasa lianze Jumatano, kwa kujaribu. Poni yuko shuleni anapanga madawati.

Jumapili, 13 Julai

Tumetoka kanisani, tumekula. Mama yangu aliniona na simu mlangoni akauliza ninatazama nini. Nikaianzisha upya, siku ya kwanza, nikampa. Hajawahi kucheza gemu maishani. Hawezi kusoma maandishi madogo, kwa hiyo mimi namsomea, yeye anagusa.

Anasimama kwa kila mtu. Anawajibu kwa sauti, kama wako uani kwetu. Saa nzima imepita na bado yuko nyumba ya pili. Nilimwuliza kama inamchosha.

"Ngoja kwanza," akasema. "Huyu mutu hajamaliza kuniambia habari ya watoto wake."

Nikaendelea kumsomea.