Shamba Lililofutwa Nikiwa Edani

Mume wangu kipenzi,

Salamu ya kuwapa watu wa makaburini naijua, lakini sisi wanawake hatukufuata jeneza, na mpaka leo sijafika ulipolazwa, kwa hiyo nakusalimu kwa karatasi. Jumatatu nimemaliza eda yako. Miezi minne na siku kumi, sikuruka hata moja. Shangazi yako Bi Mwanakombo, aliyehamia kwetu tangu mazishi, alinisimamia kama askari wa lango. Siku ilipotimia akanikogesha, akanivisha, akasema, "Haya mwanangu, sasa u mtu wa watu tena." Nikamshukuru. Kisha nikaingia chumbani, nikafunga mlango, nikawasha kompyuta yako.

Nina habari mbaya na sina wa kumwambia ila wewe. Shamba letu halipo. Nimelifuta mimi.

Atakayeiokota barua hii atadhani tulikuwa na ekari huko Muheza, michungwa imejipanga mpaka barabarani. Hatukuwa hata na mche wa mpapai. Shamba letu lilikuwa ndani ya gemu, kwenye kompyuta yako ile yenye kibodi iliyofutika herufi, nalo tulililima miaka sita, kila Jumamosi na Jumapili alasiri, ukishafunga kibanda chako cha ufundi pale Ngamiani.

Mwanzo nilikudhihaki. Mwanamume mzima, kutwa anafungua kompyuta za watu, akirudi nyumbani anafungua yake alime mahindi ya kwenye kioo! "Njoo ushike jembe, mwalimu," ukaniambia. "Huko shuleni umezoea kuamrisha tu." Nikashika. Siku ya kwanza niliitumbukiza trekta mtoni, ukacheka mpaka ukakaa chini sakafuni. Baada ya hapo hukuweza kunitoa kwenye kiti. Tukagawana kazi, wewe kulima na kuvuna, mimi mifugo na sokoni. Ng'ombe mmoja mkaidi ulimpa jina la Bi Mwanakombo, nami siku umekwenda Pongwe kumtengenezea mtu printa nikamuuza. Ulinuna siku mbili. Ilibidi nikupikie samaki wa kupaka ndipo ukafungua mdomo.

Na kila tulipomaliza, ulisevu, yaani ulihifadhi pale tulipofikia. Gemu lile lilikuruhusu kuipa kila sevu jina. Wenzio huandika namba tu, moja, mbili, tatu. Wewe uliandika siku ilivyokuwa. "Mvua ya leo imetulowesha wote." "Umeme umekatika mara tatu." "Mwalimu kamuuza shangazi yangu." Na ile uliyoandika siku niliyotoka hospitali mara ya pili mikono mitupu, daktari ameshatuambia kwamba mtoto hatutapata. Hukunipa pole kwa mdomo siku ile. Ulikaa mbele ya mashine, umenipa mgongo, nikasema moyoni kumbe nimeolewa na jiwe. Kesho yake nikafungua gemu nilishe kuku wangu, nikaikuta juu ya orodha: "Asiwadanganye mtu, huyu ananitosha." Nililia mpaka wewe kule kibandani ukapigiwa simu na jirani.

Kinachoniua zaidi ni kwamba fundi ulikuwa wewe. Mtaa mzima ulilijua sharti lako. Mtu akileta kompyuta iliyokwama, inataka kupigwa window, yaani mfumo wote ufutwe na uwekwe mpya, hukuigusa mpaka mwenyewe avute kile kiti cha plastiki, akae ubavuni mwako, aonyeshe kwa kidole chake kipi ni chake. Walikuwa wakilalamika kwamba wana haraka. Ukawaambia waende kwingine. "Fundi hajui cha mtu chenye thamani," ulikuwa ukisema. "Anajua kilicho kikubwa tu."

Hata mimi ulinifundisha. Diski ya kompyuta ina vyumba viwili, C ni sebule, ulisema, na D ni stoo. Ukipiga window unabomoa sebule na kuijenga upya, stoo haiguswi. "Sasa watu huweka gemu stoo wakadhani wamepona. Gemu linapatikana popote, mwalimu. Kilicho chako ni sevu, na sevu zinabaki sebuleni, mvunguni kabisa, kwenye folda lisiloonekana mpaka ulilazimishe lijitokeze." Ukanionyesha linavyolazimishwa. Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kama wanafunzi wangu wanavyoniitikia nikifundisha hesabu za sehemu.

Homa iliyokuchukua hata wiki haikutimiza. Nikaingia eda. Wakaja ndugu zako wa Tongoni na wa hapa mjini, mirathi ikagawiwa kwa haki na sina neno: simu, baiskeli, vifaa vya kibanda, kila kitu kikapata mwenyewe. Kompyuta wakaniachia kwa sababu ni kuukuu. Shamba hakuna aliyeuliza. Nikasema basi, hili langu peke yangu. Lakini sikuingia shambani. Mahindi tuliyapanda pamoja na yalikuwa yamekomaa, na niliogopa kwamba nikivuna nikasevu nitakuwa nimeandika juu ya mkono wako. Nikaweka nia kwamba siku nitakayotoka eda nitakaa, nitasoma bismillahi, nitavuna.

Mwezi wa tatu wa eda binamu yako alichomeka flashi anakili picha zako, na flashi ile ilikuwa na virusi vingi kuliko mbwa wa sokoni alivyo na viroboto. Toka siku hiyo kompyuta ikiwashwa inaganda. Hapakuwa na dawa ila kupigwa window. Nikataka kuipeleka mwenyewe kwa fundi Shabani, yule mwenzio wa mtaa wa pili. Bi Mwanakombo akashika kiuno.

"Weye una eda ya mume, wataka kwenda kukaa na mafundi wanaume? Watu watasemaje?"

"Shangazi, lazima mwenye mashine awepo. Ndivyo alivyotaka marehemu."

"Marehemu ndiye aliyekuweka ndani, mwanangu. Atakwenda shemejio."

Nikaufyata. Simlaumu, anashika mila kama na yeye alivyoshikishwa. Na kusema kweli ile dharura ningemwelezaje, nimwambie ni mahindi? Nikaandika kikaratasi: D isiguswe. Shemeji akabeba mashine na kikaratasi akaenda.

Kesho yake asubuhi fundi akapiga simu. Nikiwa edani, simu za wanaume wasio ndugu alizipokea Bi Mwanakombo. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani nachambua mchele. Akaziba simu kwa kiganja akaniuliza, "Fundi asema, huko C kuna kitu chako? Ataka kufuta."

"Hakuna. Mwambie afute, magemu yako D."

Ndivyo nilivyosema. Hata uso sikuinua kwenye ungo. Miaka yote ulinifundisha, nikaitikia, na siku ilipofika ya kujibu swali moja tu, nikajibu kuhusu stoo nikasahau mvungu. Nimejiambia mara nyingi kwamba ningekuwa kwenye kile kiti, nikaona kwa macho yangu, ningekumbuka. Halafu najiuliza kama kweli. Huenda ningekaa pale na kufuta kwa kidole changu mwenyewe, maana siku zile kichwa changu hakikuwa changu. Hilo linaniuma kupita yote, kwamba hata eda siwezi kuisingizia.

Mashine ikarudi ikiwa nzima, nikaifunika kanga, nikaendelea kuhesabu siku. Yaani mwezi mzima na zaidi nilikuwa nalinda kitu ambacho hakipo. Nilikuwa napita pembeni yake taratibu nisiitikise.

Basi Jumatatu nikaifunua. Gemu likafunguka vizuri, na ule muziki wake wa filimbi uliokuwa ukinichosha. Orodha ya sevu tupu. Likaniuliza kama nataka kuanzisha shamba jipya, na niitwe nani. Nikazima, nikawasha tena. Nikaenda mvunguni nikalilazimisha folda lijitokeze, kama ulivyonionyesha, na mikono ilikumbuka kila hatua wakati huo ilipokuwa haina faida. Likajitokeza. Halikuwa na kitu ndani.

Jumanne nikaibeba mwenyewe mpaka kwa fundi Shabani. Alivuta kiti, nikakaa. Alihangaika toka asubuhi hadi adhana ya alasiri na programu ya kufukua vilivyofutwa. Ilifukua barua za maombi ya kazi ulizowachapia watu, mialiko ya harusi, hata ratiba ya darsa za msikitini. Nusu ya Tanga inatafuta kazi humo ndani. Sevu hata moja haikutoka. "Dada, mfumo mpya umeshaandika juu yake," akaniambia, na alikuwa hanitazami. "Nisamehe. Marehemu angekusubiri ukae." Nikamwambia hana kosa, aliuliza nikamjibu. Nikarudi nyumbani kwa miguu, sikutaka kukaa karibu na mtu.

Sasa nikwambie nilivyo, maana wewe sikufichi. Sili vizuri. Bi Mwanakombo anadhani ni uchovu wa eda, ananichemshia uji wa pilipili manga. Ulipofariki palikuwa na mkeka, palikuwa na hitima, majirani walikuja na masufuria yao. Kwa hili hakuna wa kuja kukaa nami. Nikimwambia mtu nalia kwa sababu ya gemu, ataitikia kwa adabu kisha akanisimulie kwa wengine. Mwalimu mwenzangu mmoja nilimdokeza, akanijibu kwa wema kabisa, "Si unaanza upya tu?" Sitaanza upya. Sitaki hata kuku mmoja. Picha zako ninazo, lakini picha zote ni za sherehe, umesimama wima na kanzu umekaza shingo kama unaapishwa. Si wewe. Wewe ulikuwa kwenye yale majina, na nimekuzika mara ya pili kwa maneno sita huku nachambua mchele.

Nimejaribu kuyaandika kwa kumbukumbu kwenye daftari la mazoezi. Yalikuwa zaidi ya mia mbili. Nimepata kumi na tisa, na mawili kati yake sina hakika kama uliyaandika wewe au nimeyatunga mimi kwa hamu. Jana yalikuwa ishirini. Asubuhi hii nimeamka nimelitafuta lile moja, sikulipata, na siku zote nilidhani kusahau huja polepole.

Tena kuna lile la mwisho. Alasiri ile ulikuwa umejifunga shuka unatetemeka, mimi nimeshavaa baibui nakuhimiza twende hospitali, nawe ukasema, "Ngoja nisevu kwanza." Ukachapa, ukasimama, tukatoka, hukurudi. Nililisoma mara moja tu, wiki ya pili ya eda, nikafungua orodha nikatazama nikafunga haraka kama mwizi. Sikulinakili popote. Nani hukariri kitu kilichopo? Nalikumbuka neno la kwanza. Lilikuwa "Kesho". Mbele yake palikuwa na maneno mengine mawili au matatu, na hayo sinayo. Leo siku ya nne nayatafuta. Kesho tutavuna wote? Kesho nitakuwa mzima? Kesho mwalimu asiuze kitu? Yote yana sauti yako, na hakuna hata moja ninaloweza kuapa kwamba ndilo.

Mungu akupanulie nyumba yako hiyo finyu na akutilie nuru. Nakuacha hapa, kalamu imenishinda. Wanasema wafu huwajia ndotoni wanaowalilia. Ukipewa ruhusa, njoo. Usinipe pole wala usinisamehe, hayo nitajua mwenyewe nitakavyoyabeba. Niambie tu, kesho nini?

Mkeo,
Mwalimu wako.