Hotuba ya Matanga ya Médard

Bunia, quartier Lumumba
Tarehe 9 mwezi wa sita 2024

Mpendwa mudogo wangu Claudine,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, weye na nyumba yako yote ya Kinshasa. Mugongo inaendelea namna gani? Ile dawa ya kupakaa niliyokutumia, ulipakaa ao uliiweka tu ku kabati? Siye huku tuko wazima. Mvua inanyesha, maharagi inaota vizuri.

Nilisikiliza sauti yako ku telefone. Kulia ulilia, kutukana ulitukana. Unasema mutoto wangu Joëlle aliua bwana yako mara ya pili. Sasa usikilize yaya yako, miye mukubwa wako.

Joëlle iko mutu mukubwa mu ile ansiklopedi ya internet, yenye watu wa kujitolea wanaandika bila kulipwa. Dunia nzima inasoma mukono yake. Mutoto wako Chance naye alitaka kuandika mule. Akachukua hotuba ya matanga ya baba yake, akaibandika mule yote, eti Médard ndiye alileta maji ya bomba Kpandroma. Na ushahidi wake ni ile hotuba yenyewe. Mudogo wangu, weye ulizaa wa kunakili, miye nilizaa wa kusahihisha.

Mule iko sheria: mutu hagusi ukurasa ya ndugu yake, hata kwa kumusifu, hata kwa kumufuta. Joëlle hakugusa neno. Aliandika tu pale wanajadiliana, kwamba marehemu ni bwana ya mama mudogo wake, na hotuba ni yeye mwenyewe Joëlle aliisoma ku matanga, basi wasio na undugu waamue. Wakatafuta jina ya Médard huku na huku, hawakuipata popote. Wakafuta ukurasa yote.

Chance akamupigia, akamuuliza kama haoni haya, yeye aliyesoma maneno hayo mbele ya jeneza. Joëlle akamujibu polepole: "Yaya, nilisoma ku matanga. Sikusoma ku tribinali mbele ya hakimu."

Nilisikia furaha, nikanunulia majirani soda.

Unataka Joëlle airudishe ile ukurasa mbele ya siku ya kumaliza matanga, sababu uliahidi wageni watamuona Médard ku telefone zao. Hatairudisha, na miye sitamuomba. Watu wa Kpandroma wanajua bwana yako alikuwa mulinzi wa simenti ya ile kazi ya maji, na wanajua simenti ilienda wapi. Sakafu ya salon ya nyumba yako ya kule iko nzuri, haina vumbi. Wao wangali wanachota maji mu matope.

Ulisema tena kwamba hata miye nilimulilia Médard mpaka nikaanguka chini. Ni kweli, nilianguka. Ilikuwa matanga, Claudine, na watu walikuwa wananiangalia.

Unisalimie Chance, Élise na muzee Aimé. Mungu akufunike, akupatie usingizi muzuri.

Wako akupendaye sana, yaya yako,
Jeanine