Kengele ya Kavira

Jumatatu, 11 Agosti
Asubuhi kama jana. Uji, kunawa, viatu. Kavira anafunga kamba moja, mimi ya pili. Kisha kengele. Nimegonga kwa kijiti kilichofungwa kitambaa. Mjukuu wangu aliziba masikio, lakini hakuingia chini ya meza. Inatosha kwa leo.

Kengele yetu ni janti ya lori, ile duara ya chuma inayobeba tairi. Kambale aliileta kutoka gereji yake, akaitundika mwenyewe kwenye boriti ya jikoni. Ni mwanangu, naye ndiye baba wa mtoto. Nilimsifu. Simsifu mara nyingi.

Alhamisi, 14 Agosti
Niandike sababu, uzee usije ukaniibia. Shuleni pia kengele ni janti. Siku ile ililia kwa ajili ya mapumziko, na kabla sauti haijaisha bomu lilianguka upande wa kambi ya wakimbizi ya Mugunga. Tangu hapo Kavira akisikia chuma kikigongwa hujitupa chini na kupiga kelele mpaka sauti inamkauka. Ana miaka kumi na mmoja. Hasemi. Huelewa polepole. Kalamu anaishika vizuri.

Shule ilifungwa. Wakimbizi walilala madarasani, madawati yakawa kuni. Sasa itafunguliwa Septemba. Direkteri, mkuu wa shule, amesema wazi: akiwa bado anaanguka, abaki nyumbani moja kwa moja.

Mama yake yuko Butembo kwa biashara na barabara haipitiki. Kwa hiyo ni mimi.

Jumanne, 19 Agosti
Kijiti bila kitambaa. Amelia. Nimeendelea.

Mama Zawadi, jirani, alichungulia juu ya ukuta wa mawe. "Muzee, unafungula seminari?" Nikagonga tena. Ni mwanamke asiye na kazi.

Jumapili, 24 Agosti
Baada ya Misa nilikuwa nanawa mikono, nikasikia janti ikilia. Kwa kipande cha chuma, si kwa kijiti. Niligeuka kwa hasira, nikidhani ni watoto wa Mama Zawadi.

Alikuwa Kavira. Anagonga, anacheka, mate yanamtiririka kidevuni. Anagonga tena. Hakuziba masikio.

Sauti anayoitoa mwenyewe haimtishi. Dawa ni hiyo.

Jumanne, 26 Agosti
Nimekwenda shuleni. Direkteri nilimfundisha mimi, tangu hajui kushika chaki. Nimemwomba Kavira awe ndiye anayegonga kengele. Akakubali. "Sawa, Muzee. Hii njo itakuwa kazi yake." Tukapeana mikono.

Jioni nilimweleza Kambale, kwa kuwa yumo katika komite ya wazazi. Aliinamisha kichwa kukubali, akaendelea kula.

Jumamosi, 30 Agosti
Sare iko tayari. Sketi ya buluu, shati jeupe. Kambale alitoka mchana, akarudi, akawasha makaa ya pasi na kuinyoosha mwenyewe, mikunjo imekaa sawasawa. Kavira aliivaa akakataa kuivua. Nimemruhusu, jambo ambalo si kawaida yangu. Nina furaha.

Jumatatu, 1 Septemba
Nimesalitiwa.

Tulifika mapema. Kavira alikwenda moja kwa moja kwenye janti, mkono umenyooka. Msichana wa darasa la sita alikuwa amekwisha kushika chuma cha kugongea. Akagonga.

Kavira alianguka juu ya mawe meusi, mbele ya shule nzima. Alipiga kelele. Watoto walicheka, na baadhi ya wazazi pia. Sina tena nguvu za kumbeba. Nilimbeba.

Nilimuuliza direkteri kwa sauti ambayo sijaitumia tangu nistaafu. Hakuweza kunitazama. "Muzee, usinikasirikie. Kambale njo alikuya kuniomba nisimupe. Alikuya siku ya posho."

Siku ya posho. Jumamosi. Alitoka kuniuza, akarudi akapiga pasi.

Nilimkabili alipotoka gereji. Hakukana. "Papa, akigonga anacheka vile, mate inatoka. Bazazi yote bataangalia. Batasema njo mutoto ya Kambale."

Nikamwambia kwamba ndiye mtoto wa Kambale. Akatoka nje.

Mabomu hayakuniahidi kitu. Huyu aliitundika janti kwa mikono yake.

Jumanne, 2 Septemba
Nimerudi shuleni peke yangu. Direkteri amekubali kumpa chuma kesho, mara moja tu. Akianguka, basi. Sikumshukuru. Mtu hashukuriwi kwa kurudisha neno lake mwenyewe.

Kavira hakula. Anaikwepa janti, anapita kando ya ukuta. Niliketi chini ya janti kutwa, chuma mapajani. Sikumwita. Jua lilipopungua alikuja, akakichukua. Hakugonga. Alikaa nacho tu.

 Mimi na Kambale tumekula sahani moja bila kutazamana.

Jumatano, 3 Septemba
Asubuhi, uji, kunawa, viatu. Kamba zote mbili amefunga mwenyewe, vibaya. Sikuzirekebisha.

Kisha akaenda jikoni akagonga. Ng'ambo ya ukuta nilimsikia Mama Zawadi akiwafokea wanawe: "Kengele ya Kavira imelia! Batoto, mutoke!" Wakatoka. Tulitembea nao.

Shuleni amegonga. Hakuanguka. Alicheka, mate yakamtoka. Wachache walimcheka. Wengine walikuwa wanakimbilia mistari.

Mchana alirudi na chuma mkononi. Direkteri alikuwa amemwachia. Kambale alikuwa amesimama mlangoni, ameegemea fremu. Kavira alimnyooshea chuma. Kambale alikitazama. Hakukipokea. Mtoto alishikilia hivyo hivyo mpaka mkono ukachoka, kisha akanipa mimi.

Nimekiweka kando ya kitanda chake. Kesho atakihitaji.